Mochwari ya binafsi na gari la kwenda Njombe: maoni ya fundi friji

Kwanza bei, maana najua wengi mtashuka moja kwa moja kuitafuta. Kulaza mwili ni elfu 40 kwa usiku, na sisi tulimlaza baba mkwe usiku tatu. Dawa ya kuhifadhi mwili usiharibike laki mbili. Kuosha, kunyoa na kuvalisha elfu 80. Gari kutoka Dar mpaka Njombe milioni moja na laki tisa, mafuta na dereva humo humo. Jeneza hatukuchukua kwao. La kwao la laki tatu na nusu lilikuwa la maranda yaliyobandikwa karatasi yenye picha ya mbao, likilowa tu umekwisha. Kwa pesa ile ile tulipata la mninga mtaani, japo vishikio vyake havikuwa na mng'aro. Jina la kampuni nalibakiza mfukoni. Mama mkwe hataki msiba wake uwe tangazo la mtu, wala ugomvi na mtu.

Mimi ni fundi friji. Nina miaka 19 natengeneza majokofu ya mabucha, ya baa na ya wauza samaki wa Feri, kwa hiyo nikiingia mahali penye baridi macho yanaitafuta kompresa, ile pampu ya friji, kabla sijamsalimia mtu. Mke wangu hunisema sana kwa tabia hiyo. Wiki ile ya Februari alinisamehe.

Baba mkwe alifia kwetu Mbagala, Jumatano saa nne usiku, akiwa na miaka 78. Presha na figo zilikuwa zimemchosha tangu mwaka juzi. Umeme ulikuwepo, tukamwashia feni. Sasa feni jamani ni faraja ya wafiwa zaidi kuliko kitu kingine. Inazungusha hewa ile ile ya chumbani, na hewa ya chumba chetu usiku ule nilipoipima ilikuwa digrii 29. Mtu hai ana 37. Joto hutoka palipo na moto kwenda palipo na ubaridi, na mwendo wake unategemea tofauti iliyopo. Wenzetu wa nchi za baridi wana hesabu yao kwamba maiti hupoteza kama digrii moja kwa saa. Kwa tofauti ya digrii nane, Februari, Mbagala, hesabu hiyo haishiki. Saa kumi alfajiri nilimgusa kwapani, bado alikuwa vuguvugu. Mke wangu aliniona nikigusa, akanitazama kwa namna ambayo ilibidi nitikise kichwa haraka kabla hajauliza.

Aliyetuokoa usiku ule ni jirani, ambaye watoto wetu humwita Bibi wa Nyuma kwa sababu nyumba yake iko nyuma ya yetu. Ni Mzaramo, ameosha maiti za wanawake wa mtaa huu tangu sijahamia. Alifika kabla ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Alimfumba mzee macho kwa kiganja, akakishikilia kiganja pale kwa muda, akachana upindo wa kanga akamfunga kidevu hadi utosini, akamnyoosha miguu na kuvifunga vidole gumba pamoja, mikono akailaza ubavuni. Kwa kuwa mzee ni mwanamume hakugusa zaidi ya hapo, alinielekeza mimi na mwanangu mkubwa. "Fanyeni sasa hivi baba, saa tisa mtakuja kushindana naye," alisema.

Nilidhani ni desturi tu. Kesho yake mochwari ndiyo nikaelewa kwamba bibi yule alikuwa anawahi saa. Mtu akikata roho misuli yote hulegea kwanza: taya linaning'inia, kope zinafunguka nusu, haja ndogo inaweza kutoka. Kisha mwili unaanza kukakamaa, na sababu yake ilinishangaza. Msuli unahitaji nguvu hata ili uachie. Nguvu hiyo chembe za mwili huitengeneza kila wakati kwa sukari na hewa inayoletwa na damu. Damu ikisimama, akiba inaisha, na nyuzi za msuli zinabaki zimeshikana bila cha kuziachanisha, kama kompresa iliyokwama na pistoni juu. Ukakamavu huanzia kwenye misuli midogo, kope, taya na shingo, kwa joto letu hata saa mbili au tatu baada ya kifo, ndipo unateremka mikononi na miguuni. Baada ya siku moja au mbili unalegea tena, kwa sababu nyuzi zenyewe zimeanza kuharibika. Ukimwacha marehemu mdomo wazi hadi usiku wa manane, atakakamaa hivyo hivyo.

Wavuvi wa Feri wanalijua hili bila darasa. Samaki aliyekakamaa kama ubao ndiye wa alfajiri hii. Aliyeanza kulegea, uliza amelala wapi. Mama mkwe asisome hapa.

Barua ya mwenyekiti na karatasi ya daktari tulizipata, sitawachosha na safari zake. Niliwapigia simu kampuni saa kumi na moja alfajiri, gari likafika saa kumi na mbili na robo. Hapo nawapa sifa zao zote. Vijana wawili wenye glovu, machela safi, hakuna aliyepiga kelele wala kuuliza pesa mlangoni.

Mapokezi ya mochwari ni chumba chenye viti vya plastiki, kalenda ya mwaka uliopita na dada wa risiti anayeongea taratibu. Choo cha wageni kinafungwa kwa kamba. Lakini nyuma kule yupo mtu mmoja ambaye ndiye huduma yenyewe. Kila mtu anamwita Mjomba, na nina hakika baadhi ya wenye makampuni haya hawajui kwamba wateja wanarudi kwa sababu ya mtu kama yeye. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akanipa pole, kisha akamgeukia mzee: "Mzee wangu, samahani, tunakugeuza kidogo." Alisema hivyo kila alipomgusa, siku zote tatu.

Walipomgeuza, mzee akaguna. Mguno mzito, wa kifuani. Kijana mmoja wa kwetu aliyekuja kusaidia kubeba aliondoka pale kwa kasi ambayo sijawahi kuiona kwake, na viatu aliviacha. Mjomba hakushtuka. Alisema mapafu hubaki na hewa, ukimgeuza mtu inasukumwa itoke, inapita kooni penye nyuzi za sauti. "Wengi husema kafufuka," aliongeza, "nami huwaambia ningefurahi zaidi yenu."

Kitu cha kwanza alichokagua ni tumbo, upande wa kulia, chini ya kitovu. Alifunua shuka kidogo akaangalia kwa tochi, akafunika. Nikauliza. Akasema utumbo mpana huanzia pale, uko karibu na ngozi, na umejaa vijidudu ambavyo mtu akiwa hai vinamsaidia na akifa havina wa kuvizuia. Vinatoa gesi, gesi inaingiliana na damu, ngozi ya pale inageuka kijani kabla ya sehemu nyingine yoyote. Kwenye nchi za baridi doa hilo huchukua siku moja na nusu hata mbili. Kwetu, mwili ukikaa ndani ya chumba cha bati, linaweza kutokea kabla ya siku kwisha. "Huyu tumemwahi," alisema. Nilihisi kama nimepewa cheti.

Kisha lile blanketi. Mama mkwe ni Mbena, na alikuwa amemfunika mumewe blanketi zito la Kinjombe, la mistari, walilopewa kwenye harusi ya binti yao. Mjomba aliliondoa, akalikunja vizuri, akamweka shuka. Mama akasema, "Mwanangu, huko ndani baridi itamuuma." Hakuna aliyejua pa kutazama. Mjomba akamwambia, "Mama, hili nitakutunzia mimi mwenyewe. Nikimfunika nalo joto lake halitatoka, na joto ndilo adui yake sasa." Ni kweli kabisa kwa kazi yangu. Blanketi halina joto lake, linazuia tu lililopo lisipite. Ukiingiza kreti ya soda ya moto kwenye friji ukiwa umeizungushia godoro, kesho utakunywa soda ya moto. Tena mwili mzima wa mtu, kilo sabini na kitu, hata bila blanketi haupoi upesi. Namba ya mlangoni mwa friji inaweza kusoma digrii 4 huku ndani ya kifua bado kuna joto hadi kesho yake. Kwa hiyo ndugu zangu, usiku wa kwanza ndio wa kugombania, na mnaosubiri kwanza kikao cha ukoo ndipo mwili upelekwe, mnapoteza saa zilizo muhimu kuliko zote.

Mchana wa Alhamisi shemeji alifika kutoka Makambako. Akaomba amwone baba yake, akaruhusiwa, akamgeuza mwenyewe bega. Mgongoni, kisogoni na nyuma ya mapaja kulikuwa na mabaka mapana ya zambarau iliyoiva. Shemeji akatoka nje, akanishika shati. "Baba alipigwa. Au kalishwa kitu. Niambie mlimfanya nini." Kuna shangazi mmoja pale alishaanza kutaja majina ya majirani, na jina la kwanza, nasikia aibu kuandika, lilikuwa la Bibi wa Nyuma.

Hapa ndipo kampuni nyingine wangeita mlinzi. Mjomba alimwita shemeji ndani pamoja na mimi, akafunga mlango, akamwonyesha. Damu ikisimama haina wa kuisukuma, inatuama chini kama maji kwenye mfuko, na kwa mtu aliyelazwa chali chini ni mgongoni. Mabaka huanza kuonekana ndani ya saa moja au mbili. Akamwonyesha kwamba kwenye mabega na makalio, pale mwili ulipogandamiza kitanda, ngozi ilikuwa nyeupe, haina baka hata kidogo, kwa sababu vimishipa vilibanwa na damu haikuweza kuingia. "Fimbo haichagui hivi," alisema. Akabonyeza baka moja kwa kidole gumba, rangi ikabaki pale pale. Akaeleza kwamba angelibonyeza usiku ule ule wa kifo lingefifia chini ya kidole na kurudi. Baada ya saa nane, kumi, kumi na mbili hivi, damu imeshakolea mahali, haihami. Kwa hiyo mabaka yangekuwa kifuani huku ndugu wanasema mzee alilala chali usiku kucha, hapo yeye mwenyewe angetaka kujua nani alimgeuza na saa ngapi.

Kisha alisema jambo ambalo kwa mfanyabiashara ni la hasara. "Kama moyo wako bado una shaka, nenda polisi leo uombe uchunguzi wa daktari, kabla sijaweka dawa. Dawa ikishaingia, mengi hayatasomeka." Hakumshawishi upande wowote. Shemeji alikaa nje kwenye kiti cha plastiki hadi saa kumi na moja jioni, akavuta sigara tatu, akarudi akasema tumchome dawa. Usiku alikwenda mwenyewe kwa Bibi wa Nyuma na kilo mbili za sukari. Hawakuongea sana.

Sasa friji. Vyumba viko vitatu, kila kimoja na trei zake, na namba nyekundu mlangoni. Chumba cha mzee kilisoma 4. Nilimwomba Mjomba ruhusa nitie kipimajoto changu, akacheka, akaruhusu. Nikasubiri dakika kumi: 9. Nilirudia, 9. Kihisi chao cha joto kimefungwa juu kabisa, karibu na feni inakotoka hewa baridi, kwa hiyo kinasoma pumzi ya mashine. Trei ya chini aliyolazwa mzee ilikuwa dunia nyingine. Halafu raba ya mlango imechanika kona ya chini, unaingiza vidole viwili. Kila familia ikija kuangalia mlango unafunguka, hewa ya Dar yenye unyevu inaingia, koili, yale mabomba yanayopoza hewa, inajaa barafu, mashine inapiga kazi bure.

Digrii 9 si janga, lakini kwa pesa ile si sawa. Vijidudu havifi kwa baridi ya friji, hupunguzwa mwendo tu, na kati ya 4 na 9 mwendo unabadilika sana. Yeyote aliyewahi kuweka maziwa kwenye friji mbovu anajua. Nilimweleza Mjomba bila kupandisha sauti. Akamhamishia mzee chumba cha pili, trei ya juu, nikapima: 5, na usiku dada wa risiti akanitumia picha, 4. Meneja nilipompigia kuhusu raba alijibu, "Mashine zetu zinatoka Ulaya." Hata mashine za kutoka Ulaya, raba zake huchanika Tanzania.

Dawa ilifanyika Ijumaa asubuhi. Mjomba kwanza alimkunja mzee viwiko na magoti taratibu, akimsugua, mpaka ukakamavu ukaachia. Ukishaachia hivyo haurudi, na ndipo unaweza kumvalisha suti mtu bila kuichana mgongoni, ambavyo nimeona kwenye misiba mingine. Dawa yenyewe ni fomalini, inaingizwa kwenye mshipa mkubwa wa shingoni, inafuata njia zile zile za damu. Inachofanya ni kuzifunganisha protini za mwili zenyewe kwa zenyewe, vijidudu vinauawa na vinavyobaki vinakuta chakula kimegeuka ngozi ngumu. Kwa safari ya kilomita kama 700, sikuona namna ya kuikwepa.

Lakini chumba cha dawa kina feni ya kutolea hewa iliyokufa. Nimeigeuza kwa kidole, bea, kile chuma inachozungukia, imeshika. Kijana anayemsaidia Mjomba alikuwa na barakoa ya kitambaa ya zama za korona, macho mekundu yanachuruzika. Fomalini si ya kuchezea; tangu 2004 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wameiweka kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Wafiwa tunakaa mle dakika tano tunatoka. Kijana yule anakaa mwaka mzima, na feni ile ni kazi ya kama elfu 60.

Jumamosi tulikuwa na kuaga. Mama mkwe alimtazama mumewe usoni kwa muda mrefu, akasema, "Amenyoa Jumanne. Ona ndevu zimeota." Zilikuwa zimetokeza kweli, vijinywele vyeupe kidevuni. Mjomba alishaniambia mapema: hakuna kinachoota, ngozi inakauka na kurudi nyuma, kilichokuwa kimejificha ndani kinaonekana. Na kucha hivyo hivyo. Mimi nilikuwa na maelezo yote mdomoni, nikayameza. Mjomba alimwambia mama, "Nitamweka sawa." Akamnyoa, akampaka mafuta ya mgando. Mama akaomba kopo la mafuta yale.

Gari ndilo lililonikera. Ni Hiace iliyong'olewa viti, ina reli ya kuwekea jeneza na kiyoyozi cha nyuma, wanachokisifia sana. Tuliondoka Jumapili saa kumi alfajiri, sisi tukifuata na Coaster. Hadi Chalinze sawa. Baada ya Morogoro kiyoyozi cha nyuma kikaanza kutoa upepo wa kawaida, dereva akasema ni gesi. Mikumi alisimama kula, akazima gari, akaliacha juani akaagiza wali kuku na kachumbari. Dakika arobaini na tano. Kuna mti mkubwa wenye kivuli hatua ishirini kutoka pale. Nilimwambia, "Dereva, sogeza basi kwenye kivuli," akaniambia bosi wake hajalalamika. Nikasogeza mwenyewe. Kwa kuwa dawa ilishafanya kazi hakuna kilichoharibika, ila nilitaka mjue mnaolipia "gari lenye ubaridi" kwamba mnatakiwa kupanda nyuma na kuweka mkono kwenye tundu la hewa kabla ya kutoa pesa. Ruaha Mbuyuni dereva alisimama tena, kununua vitunguu. Akaviweka mbele, namshukuru.

Tulifika Njombe saa mbili usiku, ukungu umeshuka, mji uko karibu mita 2,000 juu ya bahari na unapumua moshi mdomoni. Nilishusha mfuko wa nailoni ambao Mjomba alinikabidhi kwa mkono wake wakati wa kuondoka, blanketi ndani limekunjwa vile vile. Mama mkwe alilitandika juu ya jeneza. Usiku ule hakuna aliyelitoa.

Nyota nimewapa nne. Tatu na nusu ni za Mjomba.

Juzi amenipigia. Bosi amekubali raba ibadilishwe, na ile feni ya chumba cha dawa nayo. Nimemwambia raba ni elfu 35, bea ya feni itategemea Kariakoo wataniambia nini, na ufundi wa chumba kile cha kwanza ni bure, vingine watalipa. Naenda Alhamisi asubuhi, kabla hawajaanza kufungua milango.